Koko anajifunza Kiespanyole

Juzi usiku, hapa Butembo, nilisikia sauti ya mwanaume katika chumba cha mama mukwe wangu, ule batoto banaita Koko, na mume wangu alikuwa safarini, muji wa Beni. Nikabeba mutoto mugongoni nikimbie, mais nikasukuma kwanza mulango. Mama alikuwa peke yake, ameshika kimashine cha kutafsiri, chenye kusema na sauti ya mwanaume.

«Mama, utaniua na woga!»

«Nyamaza, mutoto yangu. Mujukuu wangu wa Espanye, Kinande chetu hapana, Kiswahili hapana. Dimanche, siku ya kanisa, nitamusalimia kwa simu miye mwenyewe.»

Akajaribu Kiespanyole, kimashine kikanyamaza. Akarudilia polepole: «Te quiero mucho.» Kikajibu kwa Kifaransa: «Je t'aime beaucoup», ni kusema, nakupenda sana.

«Kimenisikia!» Akapiga mikono. «Usiambie mutu, batanicheka.»

Nikaahidi. Basomaji, nyinyi ndio ba mwisho: sitaambia mutu mwingine.