Njia ya Kurudi kutoka Mamboleo

Kamati ya kanisa ilitaka kuita mafundi wa mtandao kutoka Nairobi. Sista msimamizi wa zahanati yetu ya Manyatta ndiye aliyekataa. "Huyu msichana ni nyathiwa," aliwaambia, "mtoto wetu wa hapa. Mpeni mpaka jioni." Mwenyekiti akakubali shingo upande. Mimi nilikuwa nimeahidiwa kazi Nairobi, na nikishindwa hapa ningepanda gari wiki hiyo hiyo. Sikutaka kwenda. Naupenda mji huu na joto lake lote, na nilitaka kuishi kwa ufundi wangu nikiwa kwetu.

Maabara ya zahanati iko mbali, Mamboleo. Majibu ya vipimo yalikuwa yakirudi kwenye karatasi, kwa bodaboda, na akina mama wajawazito walikaa kwenye benchi mpaka mvua ya jioni iwakute. Antena zilikuwa zimeshafungwa juu ya paa, moja huku na moja kule, zikitazamana. Kazi yangu ilikuwa kuziwekea ruta za pande zote mbili, zile mashine zinazoelekeza data, njia za kudumu, yaani kuziandikia kwa mkono ipite wapi.

Kwenye ruta ya Manyatta niliandika mstari mmoja: chochote cha Mamboleo kipitie antena ile. Nikajaribu kutoka kwenye ruta yenyewe, na maabara ikaitikia papo hapo. Nikajisifu kimoyomoyo. Nikahamia kwenye kompyuta ya sista, nikajaribu tena. Kimya.

Mimi subira sijajaliwa. Nilibadilisha waya uliokuwa mzima. Nikapanda paa kuikagua antena isiyo na kosa. Nikaufuta ule mstari na kuuandika upya, kama mtu anayerudia salamu kwa sauti ya juu akidhani hajasikika. Kwenye benchi, mama mmoja mwenye mimba kubwa alinitazama kwa huruma, na huruma hiyo iliniudhi kuliko ile kompyuta.

Alasiri nilifunga begi, nikamwambia sista nimeshindwa. Hakunikaripia. Alivua glavu zake.

"Wacha nikutoe mpaka kwa stage ya matatu."

"Sista, wagonjwa wanangoja."

"Watangoja kidogo. Wewe ulikuja kwangu. Mgeni hawezi toka hivi hivi na hakuna mtu anajua anarudia wapi."

Nilimfuata, maana kwetu hilo halibishiwi. Mama yangu huwasindikiza wageni mpaka wao nao wanageuka kumrudisha yeye, na chai ya jioni inapoa. Tulikuwa tumempita muuza mandazi niliposimama ghafla katikati ya njia. Pikipiki nyuma yetu ikapiga honi.

Ujumbe wa kompyuta ya sista ulikuwa unafika Mamboleo vizuri tu. Ulipokelewa, ukapewa jibu, kisha jibu likaachwa mlangoni bila wa kulisindikiza. Ruta ya Mamboleo haikujua Manyatta iko upande gani, basi kila jibu ililitupa kwenye intaneti, likapotelea huko. Iliitikia ruta yetu peke yake kwa sababu hizo mbili ni majirani wa antena kwa antena. Sikuwa nimeandika njia ya kurudi. Kwetu kurudi kwa mgeni ni kazi ya mwenyeji na hakuna anayeagizwa, nami nikadhani mashine nayo imelelewa hivyo.

Tulirudi nusu tukikimbia. Kutoka kwenye ruta yetu niliingia katika ile ya Mamboleo, nikaandika mstari wa pili: chochote cha Manyatta kirudi kupitia antena hii. Nikakaa tena kwenye kompyuta ya sista, nikajaribu. Majibu yakaanza kuingia, moja baada ya jingine.

Sista alifungua ukurasa wa maabara, akasoma, kisha akamgeukia yule mama wa kwenye benchi. "Mama, damu yako iko sawa. Enda nyumbani upumzike."

"Erokamano," alisema yule mama, akimshukuru sista, kisha na mimi. Nje jua lilikuwa bado kali. Machozi yalinitoka na wala sikuyaficha, kwa furaha niliyokuwa nayo.

Sista alishampigia mwenyekiti simu. "Bwana mwenyekiti, hao watu wa Nairobi waambie wasisumbuke." Alisikiliza kwa muda, akafunika simu kwa kiganja. "Anauliza kama kesho unaweza enda ile zahanati ya Obunga."

Nikamwambia ninaweza.