Siku Tulipolilia Bonde la Nyakarenzo

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Kamembe, Mhariri Mkuu alinikabidhi stensili, yaani karatasi ya nta ambayo taipureta huitoboa herufi kwa herufi. Akanionya kwamba nikikosea, kosa langu watalisoma wafanyabiashara wa huku na wa Bukavu, ng'ambo ya mpaka. Nikamjibu sitakosea. Nyinyi mnaofuta kwa kidole kwenye simu hamjui raha ya kiburi kile.

Gazeti letu dogo lilitaka bei za soko, safari za maboti na matangazo ya misiba. Insha ya nafsi, ambamo mwandishi husema "mimi" na kueleza kilichomuuma, haikuwa na ukurasa. Mimi ndiye niliyeipatia, na sioni haya kujisifu.

Sababu ilikuwa nyumbani, Nyakarenzo. Bonde chini ya shamba letu lilikuwa na mafunjo, chemchemi, na misambi, wale ndege wenye taji la dhahabu. Likakaushwa, ikapandwa mikaratusi, ndege wakahama. Kwetu nyumba ikifiwa, jembe halishikwi mpaka kilio kiondolewe. Basi mama, mzaliwa wa Bukavu aliyeolewa kwetu, akaweka jembe lake chini. Majirani wakacheka, wakauliza nani amekufa. Msimu wa kupanda ulikuwa unapita. Niliogopa njaa, na niliogopa zaidi wasije wakamwita kichaa.

Nikayaandika yote hayo. Mhariri Mkuu alisoma amesimama, miwani puani.

"Maman, hapa tunalia bantu," aliniambia, yaani watu. "Bonde haina familia."

"Iko nayo, Shefu," nilimjibu mkubwa wangu. "Ni sisi."

Alitaka nimtoe mama, nibakize maji na miti, iwe ripoti. Nikamwambia aichape nzima au aitupe. Alininunia mpaka mchana, kisha akaiweka kwenye ukurasa wa misiba, katikati ya marehemu. Sijaona tena mhariri aliyeipanga kazi yangu vizuri vile.

Jumapili niliisoma kwa sauti uani kwetu. Wale waliocheka walikuja kusikiliza, na nilipofika kwenye chemchemi mmoja akaketi chini kama watu wanavyoketi msibani. Mwingine akaanza kueleza misambi walivyokuwa wakicheza asubuhi. Wakakumbushana, wengine machozi yakawatoka. Mama alingoja mpaka wote wakanyamaza.

"Sasa bamelia pamoja na mimi," alisema. "Munipatie jembe yangu. Kilio imeisha."

Baadaye nilihamia redioni, chini ya Mkuu wa Vipindi, nikasoma insha zangu juu ya ufuo wa Nkanka na mashamba ya Gikundamvura. Nilisifiwa mpaka nikastaafu. Vijana huniuliza insha ile ilirudisha nini, maana misambi hawakurudi. Ni kweli, hawakurudi, na bado naumia nikipita pale. Lakini alfajiri iliyofuata Jumapili ile mama alikuwa shambani analima, nami nyuma yake nadondosha maharage.