Kilo Tisini za Baba Mdogo

Mlio ulionishtua kwanza ulikuwa wa ngumi juu ya sahani ya bati, na nyuma yake minyororo ya mizani ikaendelea kulia taratibu, kana kwamba haikuwa na haraka ya kunyamaza. Nilikuwa darasa la tano. Nilikuwa nimepewa kazi moja tu, kuitazama sindano, na mlio ule ulipokuja nilifumba macho.

Ninyi mliokulia Kaloleni wakati televisheni moja ilitosha nyumba kumi mtayakumbuka mabishano yale. Jumamosi mchana, jua likiwa limelala juu ya mabati na upepo wa ziwa ukituletea harufu ya omena, dagaa wa ziwani, walioanikwa, sisi wasichana tuliruka blada, kamba ya mpira, hadi vumbi likapanda magotini, tukala nyoyo, mahindi kwa maharagwe, kutoka bakuli moja, kisha tukajisogeza karibu na kibanda cha Mama Auma, muuza samaki, kuwasikiliza watu wazima. Mama alikuwa ameniambia zaidi ya mara moja, "Mtoto wa kike hasimami mahali wanaume wanapimana nguvu." Nilisimama.

Walikuwa wakibishania bingwa wa dunia wa ndondi za uzito wa juu: ngumi yake ilikuwa nzito kiasi gani hasa? Mzee Swaleh, fundi wa nguo, alishikilia kwamba ilikuwa sawa na kugongwa na mlango wa lori. Baba Mdogo Owino, ndugu wa baba yangu, mwembamba kama ufito, aliyefanya mazoezi ya ndondi katika ukumbi wa mtaa, hakukubali.

"Hiyo ni televisheni inaongeza," alisema. "Hata mimi nikipiga, mtu anasikia."

"Wewe Owino, huyo mtu akikugusa tu, utaamka Busia," Mzee Swaleh akamjibu.

"Kwani nani alimpima?"

Macho yote yakaigeukia mizani ya Mama Auma, ile ya kuning'inia, yenye uso wa mviringo uliohesabu hadi kilo mia, ambayo asubuhi ile ilikuwa imepima samaki wa mbuta wa kutosha karamu ya harusi.

"Hiyo ni ya samaki, si ya wazimu," alisema Mama Auma, ingawa tayari alikuwa anaipangusa sahani. Nami, kwa kuwa nilijulikana mtaani kwa hesabu, nikapandishwa juu ya kreti ya soda ili nisome. Baba Mdogo akakunja ngumi, akaishusha juu ya sahani.

Leo najua, kwa usahihi unaonichosha mimi mwenyewe, kwamba mizani ile hupima kitu kilichotulia, na ngumi haitulii. Lakini siku ile sote, wazee kwa watoto, tuliamini kwamba kinachompima samaki kitampima na mtu. Nilipofumbua macho, sindano ilikuwa inarudi kwenye sifuri. Nyuso zote zilikuwa zimenielekea. Nikamtazama Baba Mdogo, ambaye kila jioni alinipokea ndoo ya maji njiani kabla sijamwomba, nikasema, "Tisini."

Mtaa ukampa jina hilo, Tisini. Mzee Swaleh, aliyekuwa amembeza, alimshonea bukta nyekundu ya kung'aa. Baba Mdogo akaanza kutembea kama mtu anayepishwa njia, na baada ya wiki chache akaomba apangiwe pambano na bondia wa uzito wa juu kutoka Nakuru. Alianguka raundi ya pili. Sikio lake la kushoto halijasikia tangu siku hiyo. Aliziacha glavu, akahamia Luanda Kotieno, anakotengeneza injini za boti hadi leo. Hakuna aliyenilaumu, kwa sababu hakuna aliyejua.

Nikiwatazama watoto wa kaka yangu wakibishana juu ya bingwa wao wa sasa, ubishi hudumu muda wa kuitoa simu mfukoni. Wanasoma nambari, wanakubaliana na watu wasiowajua, kisha kila mmoja anarudi kwenye kioo chake. Hawajaionja raha ya kutojua jambo kwa alasiri nzima, watu kumi pamoja. Nawacheka, kisha najizuia: nambari yao huenda ina mtu aliyeiona.

Wiki iliyopita, nikiitetea tasnifu yangu kuhusu makosa ya vipimo, mtahini mmoja aliniuliza kwa upole kama kipimo fulani nilikiona kwa macho yangu. Nilikuwa nimekiona. Hata hivyo nikaomba kuketi. Tangu hapo sijaandika tarakimu yoyote bila kuitilia shaka, na jana mchana nikapiga simu Luanda Kotieno.

"Nyathina," alisema Baba Mdogo, yaani mtoto wangu kwa Kijaluo, "ngoja nihamishie simu sikio la kulia."

Nilimweleza yote bila pambo: kwamba nilifumba macho, kwamba tisini ilitoka kinywani mwangu na si kwenye sindano, na kwamba ndiyo iliyompeleka ulingoni. Nikasikia spana ikiwekwa juu ya chuma.

"Kwa hivyo hukuona."

"Sikuona, Baba Mdogo."

"Na wengine walikuwa wanakuangalia wewe."

"Ndiyo. Hakuna aliyeona."

"Basi," alisema polepole, na kicheko kikaanza kumpanda, "inawezekana ilipita tisini."