Gunia Lililopata Joto

Nilipokuwa mtoto niliamini kwamba gunia la chakula cha kuku linaweza kumsema mtu. Bibi yangu mzaa baba, tuliyemwita Koko, ndiye aliyetutia imani hiyo nyumbani kwetu Bukavu. Kila asubuhi alizamisha mkono ndani ya gunia hadi kwenye kiwiko, akatulia kidogo. Likiwa baridi, alijipangusa akaenda kunywa chai. Likiwa na joto, basi mmoja wa waliolichanganya alikuwa na kinyongo moyoni, na kuku wangekufa.

Mwaka huo tulikuwa tumefiwa na baba. Mama na shangazi Nsimire, dada yake baba, hawakuwa wakisemeshana tangu mazishi. Kisa kilikuwa koti. Siku ya kuzika mvua ilinyesha, na shangazi alilichukua koti la baba akampa mmoja wa wachimba kaburi bila kumuuliza mama. Sasa alikuwa amefunga mzigo wake arudi kwake Kalehe kwa boti. Mimi nililala naye kitanda kimoja, na ndiye aliyenibembeleza nilipomwota baba. Kwangu kuondoka kwake kulikuwa msiba wa pili.

Kabla ya safari alikubali kusaidia kutengeneza chakula cha kuku. Mama alitwanga mahindi na soya. Shangazi alitwanga sambaza, vile visamaki vya ziwa letu, pamoja na maganda ya mayai. Kwa kawaida kazi hiyo iliendana na porojo nyingi. Safari hii kila mmoja alikazana amalize amwondokee mwenzake. Walijaza gunia, wakalifunga, wakaliweka juu ya mbao lisivute unyevu wa sakafu.

Asubuhi ya safari Koko alizamisha mkono. Aliutoa polepole, akaniita nami nijaribu. Ndani mlikuwa na joto kama paji la mtoto mwenye homa.

"Gunia iko moto," alisema. "Nsimire, leo hauendi fasi yoyote."

"Maman, bato inaningojea."

"Itakwenda. Mukiacha hii chakula hivi, kasirani yenu itabakia mu nyumba. Kuku zitakufa, na ni huyu mutoto ataikula mu mayai."

 Gunia lilimwagwa juu ya turubai, juani. Sharti la Koko lilikuwa kwamba waliochanganya wapige magoti wakitazamana, wakigeuze chakula kwa mikono hadi kipoe. Waligeuza na kugeuza. Mimi niliketi kwenye ngazi nikifukuza kuku, nikiomba kimoyomoyo kisipoe upesi.

Hatimaye mama alisema, bila kuinua macho, "Ile koti ilikuwa ingali na harufu yake."

Shangazi akaacha kugeuza. "Ule papa muchimbaji alikuwa anatetemeka na baridi mu kaburi. Niliona kaka angemupatia."

"Angemupatia. Na mie ningemupatia. Lakini haukuniuliza."

"Ni kweli. Sikukuuliza. Unisamehe, mulamu wangu, muke ya kaka."

Mama aliangua kilio, wakakumbatiana wamejaa unga wa samaki hadi kwenye nywele. Kuku wakapata mwanya wakavamia turubai. Koko, ambaye hakuwa na mchezo na kuku kwenye turubai, aliwaacha wale.

Leo nafuga kuku wangu kijijini Nyantende, na najua kilichotokea. Sambaza hazikuwa zimekauka, na mchanganyiko wenye unyevu ukifungiwa hupata joto, kisha ukungu. Wenye hasira hufanya haraka, hawangoji jua. Kwa hiyo Koko hakukosea sana. Lakini ninachomshukuru si hicho. Wanawake wawili wenye majonzi na kiburi walihitaji sababu ya kupigiana magoti bila yeyote kuonekana ameshindwa, na Koko aliwapa sababu ya kuku. Nampenda zaidi kila nikilifikiria hilo.

Shangazi hakurudi Kalehe. Walizeeka pamoja katika nyumba ile ile, wakigombana na kupatana. Na mama alipougua ule ugonjwa wake wa mwisho, hakukubali kuogeshwa na mtu yeyote ila shangazi, hata mimi aliyenizaa.