Mashine Ikasema Imekamilika

Miaka ya themanini ikielekea ukingoni, ofisi yetu pale Geita ilikuwa na kompyuta moja, na opereta wake nilikuwa mimi. Watu walikuja kuichungulia dirishani kama wanaochungulia maiti: kimya, mikono nyuma, kisha wanaondoka bila kuuliza kitu. Ndani yake tulitunza vipimo vya mahandaki. Mgodi wa zamani ulifungwa nikiwa mtoto, maji yakapanda yakajaza njia zote za chini, na mji ukaendelea kukua juu yake. Watu walijenga wasijue wanajenga juu ya nini.

Aliyewahi kuyatembea mahandaki hayo yakiwa makavu alikuwa mzee wetu mpima. Ujanani alivuta mnyororo wa kupimia nyuma ya wazungu wa mgodi, na makaratasi ya vipimo akabaki nayo. Mchwa nao hawakulala. Tulikimbizana nao miezi mingi, yeye akinisomea namba, mimi nikizibofya, na karatasi ikiisha kusomwa ilikuwa inamomonyoka mikononi mwake. Tulipomaliza, kilichobaki kilifagiliwa na mhudumu pamoja na takataka nyingine.

Mama yangu alikuwa mmoja wa hao waliojenga wasijue. Nyumba ya tofali za kuchoma, bati jipya, jasho lake la miaka mingi ya kuuza dagaa. Alikuwa hajamaliza hata wiki chache ndani yake pale zizi la mbuzi la jirani liliposhuka. Sisemi lilibomoka. Lilishuka, uzio na kila kitu, na asubuhi tuliwakuta mbuzi wamesimama huko shimoni wazima, wanatafuna, wanatutazama huku juu. Nilicheka peke yangu. Wengine wote walirudi nyuma hatua moja.

"Kaiulize hiyo mashine yako," mama aliniambia. "Handaki linapita kwangu au halipiti? Nikilala nasikia kama mtu anatembea chini ya kitanda."

"Ni panya, mama."

"Panya anavaa viatu?"

Nilimwahidi jibu siku hiyo hiyo. Lakini kabla sijafika kwenye vipimo vya mtaa wake, jenereta ilinguruma vibaya, taa ikawa nyeupe kupita kiasi, na kompyuta ikatoa harufu ya nywele zilizoungua. Fundi wa umeme alipomaliza kuhangaika nayo, iliwaka kwa kutumia diski ya kuchomeka kutoka nje tu. Diski ya ndani, iliyobeba kila kitu, ilikuwa imekufa.

Sikuogopa. Naomba nieleweke hapo, kwa sababu nilikuwa na kiburi kikubwa juu ya jambo hilo. Kila jioni kabla ya kufunga ofisi nilitoa nakala kwenye zile diski nyeusi bapa, na mashine ikaandika kwamba kazi imekamilika. Mimi sikuwa mtu wa kuridhika na hilo. Nilikuwa naifungua nakala ile ile palepale, naisoma mwanzo hadi mwisho, ndipo naitoa.

"Binti, mashine yenyewe imesema imekamilika," mzee mpima alikuwa akinitania. "Wewe unaibishia?"

"Naihakiki, mzee."

"Haya, hakiki. Ukiolewa utamhakiki na mumeo."

Kisha aliifunga diski ya siku hiyo kwenye leso safi akaondoka nayo. Aliyetuletea kompyuta alikuwa ametuachia masharti mawili: nakala isilale nyumba moja na mashine, na isikae karibu na sumaku. Mzee alijitolea kuzilaza kwake, na masharti aliyashika kama dini.

Kwa hiyo nilikwenda kwake kuzichukua. Nilibisha hodi, nikamwamkia, akaitikia marahaba na kunikaribisha sebuleni. Pale penye heshima, mahali ambapo nyumba nyingine huweka picha ya harusi, palikuwa na redio kubwa ya mbao, imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma. Juu ya kitambaa zilipangwa diski zote, na juu yake kitambaa kingine kidogo. Redio ilikuwa inatoa matangazo ya vifo. Sauti ile ya taratibu ilitaja marehemu, ndugu walioko mbali, siku ya mazishi, na kila jina lilipotajwa vitambaa vilitikisika kidogo.

Nilikuwa nimevunja spika nyingi utotoni. Kila mtoto wa mtaani kwetu alijua ndani ya spika kuna nini. Tulikuwa tunakitoa na kukipitisha mchangani kuokota misumari.

"Mzee, hizi zimekaa hapa tangu mwanzo?"

"Tangu ya kwanza. Hakuna anayegusa redio yangu, hata wajukuu." Akaniangalia vizuri. "Sumaku haimo humu ndani, mwanangu. Nimetafuta nyumba nzima."

Nilizibeba, naye akanifuata nyuma hadi ofisini, kofia mkononi.

Ya kwanza ilikuwa tupu. Ya pili, mashine ilinguruma, ikatulia, ikaandika kwamba hakuna kitu. Nilitia moja baada ya nyingine, na zote nilikuwa nimezisoma kwa macho yangu zikiwa nzima. Mhudumu aliyesimama mlangoni alisema kwa sauti ndogo kwamba waliofia mle chini hawataki kupimwa. Nilimfokea atoke. Nilimfokea kwa sababu nilikuwa nimeanza kumwamini.

Iliyobaki ni ya juzi, ile iliyokuwa pembeni kabisa. Ikasomeka. Namba zikaanza kupanda kwenye kioo, na zilikuwa za upande wa mtaa wa mama. Mzee akatandaza karatasi ya miraba, akachonga penseli. Mimi nikasoma, yeye akatia nukta, safari hii kinyume cha ile ya kwanza. Nukta zikawa mstari. Mstari ukapita chini ya soko, ukakunja kwenye kisima, ukapita chini ya zizi la mbuzi, na penseli haikukosea hata kidogo. Nikaona unakoelekea. Niliendelea kusoma na mzee hakuinua kichwa. Nukta ilipogusa mpaka wa kiwanja cha mama, diski ilikwaruza, na kioo kikabaki na alama zisizosomeka.

"Endelea," mzee alisema.

"Hakuna tena."

Penseli ilibaki juu ya karatasi. Nilimsihi akumbuke, akisie, aseme chochote. Alisema alitembea mle gizani miaka mingi iliyopita, nyuma ya mgongo wa mtu mwingine, na hatachora asichosomewa. Alikuwa analia.

Mama nilimkuta anakoroga uji. Nilimweleza kwamba mstari umefika kwenye mpaka wetu na hapo ndipo ulipoishia.

Akaacha mwiko. "Umeishia hapo, au umekatika?"

Ningeweza kumwambia umeishia. Angelala.

"Umekatika, mama."

Aliingia chumbani, akatoka na godoro kichwani, akaanza kurundika vyombo vyake barabarani.