Ufuo ni wa Anayetangulia

Tangu theluji ilipoanza kulainika, Tamsin Yeo hakukaa kitako. Akikoroga uji wa njegere, mara yuko mlangoni. Akishika ufagio, mara yuko juu ya mwamba anachungulia bahari. Mwanamke gani huyu asiyejua kiti?

Lakini alikuwa na haki ya kuhangaika. Pale kisiwani Nyufaundilandi, nahodha wa merikebu ya kwanza kufika kutoka Uingereza kila masika ndiye mkubwa wa ghuba: huchagua ufuo aupendao wa kukaushia samaki, wengine wakaambulia mawe. Nahodha Penrose akitangulia, huwaachia akina Yeo ufuo wao. Nahodha Grylls alitangulia mwaka jana, akaving'oa vichanja vyao vya samaki akavifanya kuni. Tamsin alimchukia hata jina lake.

"Kaa chini, mke wangu," mumewe Digory alimwambia. "Kuchungulia hakuvuti merikebu."

"Na kukoroma kwako kunavuta nini?"

Asubuhi moja ukungu ulitanda, hata vichanja vipya walivyovijenga majira yote ya baridi havikuonekana. Mara baragumu likalia upande wa miamba. Merikebu ilikuwa imepotea njia. Tamsin akanyakua sufuria ya shaba, akapanda mwambani, akaigonga kwa mwiko ili mabaharia wafuate mlio.

"Nani huko? Gongeni tena!" mtu akaita toka majini.

Ilikuwa sauti ya Grylls. Mkono wa Tamsin ukasita.

"Ni yeye," alimwambia Digory, aliyekuwa amemfuata mwambani.

"Nimemsikia. Ukinyamaza, hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua, Digory."

Akagonga, huku akimlaani Grylls na ukoo wake wote, mpaka nanga ikatumbukia kwenye maji matulivu.

Grylls alishuka amelowa chapachapa, akamshika mkono. "Mama, umetuokoa sote. Mungu akubariki."

"Basi tuachie ufuo wetu, bwana."

"Ah, hapo sasa. Desturi ni desturi, mama. Nimetangulia, na huu ndio mzuri." Watu wake walikwisha kuanza kuvikagua vichanja. "Na hiyo sufuria utuazime. Ya kwetu imetoboka."

Tamsin aliikumbatia kifuani. Machozi yalikuwa yakimtoka, wala hakuyafuta.

"Sufuria hupati," alisema. "Penrose bado yuko huko nje ukunguni, naye ataihitaji."

Akarudi mwambani, akaendelea kugonga.