Niliandika mwongozo wa wageni wa Kitale na Bungoma, wakafuta neno moja tu

Wakuu, hamjambo huko mliko.

Mimi hapa ni msomaji tu. Nacheka na stori zenu halafu naenda zangu. Leo naandika kwa sababu juzi jirani aliniuliza kitu rahisi sana. Kijana wake anaenda chuo Kitale, wazazi watamsindikiza, je, wakifika wakule wapi na watembee wapi?

Swali la dakika mbili. Nilishindwa kumjibu. Nilisikia hasira imenipanda mpaka shingoni, jirani wa watu akadhani amenikosea.

Basi wacha niitoe hapa. Sitaongeza chumvi. Mahali sikuona kwa macho yangu nitasema sikuona.

Ilikuwa ile miaka ya 2000s, wakati wa simu za mulika mwizi. Mgeni akishuka Kitale hana Google ya kumwambia chochote. Anauliza watu, ama anasoma karatasi amepewa.

Nilikuwa clerk kwa contract katika kampasi moja pale Kitale. Jina la chuo sitalitaja. Mimi ni wa Bungoma town, nimezaliwa nyuma ya msikiti, baba yangu alikuwa fundi wa nguo. Jina langu ni Idi Wafula. Ndiyo, Mbukusu na Muislamu, tuko wengi, msishangae.

Kampasi ilikuwa inapanga graduation kubwa. Wazazi wangetoka Coast, Garissa, Kisii, kila mahali. Boss wetu wa administration, nitamwita Mkubwa, akaniita kwa ofisi.

"Idi, wewe unapenda kutembea na unapenda kula. Tuandikie kijitabu. Mgeni akikaa siku tatu nne, ajue mahali pa kulala, pa kula na pa kuzuru. Kitale mpaka Bungoma. Kiwe cha Kiswahili ili wazazi waelewe. Jina lako litakuwa kwa cover."

Wakuu, hilo la cover lilinimaliza.

Nilizunguka wiki tatu. Nilipanda kilima cha Chetambe na viatu vya ofisi nikateguka kifundo. Nilienda Nabuyole kuangalia maji yakianguka, nikaandika kabisa kwamba mawe ya pale yanateleza na wazee wasishuke chini. Nilikaa mbuga ya Saiwa asubuhi nzima kungoja yule swala wa kwenye matope. Nikamwona masikio tu, na niliandika hivyo hivyo, kwamba unaweza kuenda na uone masikio.

Na kula je! Bungoma nilikula ingokho, kuku wetu wa kienyeji, na ugali ya wimbi mpaka nikafungua mshipi. Nilikula chisaka, ile mboga chungu, imelala na maziwa usiku mzima, ile uchungu wake imeisha. Kwa kila hoteli niliingia jikoni. Nilikuwa naomba ruhusa, naangalia sufuria, nauliza nani anachinja.

Hapo ndipo shida yangu ilianzia.

Kulikuwa na hoteli moja kubwa Kitale, ya ghorofa, vitambaa vyeupe mezani. Hiyo pia sitaitaja. Niliingizwa jikoni na mpishi wao, Barasa, mtu mpole. Kuku walikuwa watamu, sikatai. Mimi sikula, ni walinzi wa hapo waliniambia. Lakini bacon na soseji za nguruwe zilikuwa zinapikwa kwa vikaango vile vile, na kuku Barasa alichinja mwenyewe hapo nyuma. Barasa ni Mkristo, na hakunificha chochote.

Kwa hivyo niliandika: "Hoteli ni safi na vyumba ni vizuri. Si jiko la halali. Wageni Waislamu wale kwa Mama Zaituni, karibu na msikiti."

Mama Zaituni alikuwa na mkahawa mdogo, mabenchi manne, pilau na maharagwe ya nazi. Nilimpatia ukurasa mzima.

Nekesa, secretary wetu kutoka Bumula, ndiye alichapa maandishi yangu kwa computer. Akaprinti, akampelekea Mkubwa, na mimi nikapewa kopi ya kwanza niweke.

Baada ya wiki mbili kijitabu kikarudi kutoka kwa printer. Maboksi mazima.

Sasa sikilizeni ujinga wangu, kwa sababu mkinihurumia bila kujua hii mtakuwa mmedanganywa.

Sikukifungua.

Niliangalia cover. "Karibu Kitale na Bungoma. Kimeandikwa na Idi Wafula." Nikashika kumi, nikaenda navyo nyumbani Bungoma weekend hiyo, nikampa baba. Baba akakaa na wenzake kwenye baraza ya msikiti akiwagawia na kuwaonyesha cover. Na yeye pia hakufungua! Familia nzima tulisoma cover.

Wageni wakaanza kuingia wiki ya graduation, kila mmoja anapewa kijitabu getini.

Alhamisi, saa nne hivi asubuhi, mama mmoja mzee akaingia ofisini na mjukuu wake, kijana aliyekuwa anagraduate Jumamosi. Amevaa buibui, ametembea polepole. Nitamwita Bi Rukia. Alikuwa ametoka Mombasa, na alikuwa amefika tangu Jumatatu.

"Namtafuta Idi Wafula," akasema.

Nikasimama haraka. Nilidhani amekuja kunishukuru. Walahi nilikuwa tayari natabasamu.

"Ndiye mimi, Bibi. Karibu."

Akaweka kijitabu mezani, kimefunguliwa. "Nisomee hapa, mwanangu. Macho yangu si mazuri, huenda mjukuu wangu alinisomea vibaya."

Nikasoma. "Hoteli ni safi na vyumba ni vizuri. Jiko la halali."

Basi. Imeishia hapo.

Walikuwa wametoa "si". Herufi mbili. Na ukurasa wa Mama Zaituni haukuwepo kabisa, mahali pake kulikuwa na picha ya hiyo hoteli.

"Nimekula hapo siku tatu," Bi Rukia akasema. Hakupandisha sauti hata kidogo. "Leo asubuhi nikaingia jikoni kumshukuru mpishi, maana chakula chake kizuri. Nikaona anageuza nyama ya nguruwe, halafu kwa mwiko ule ule anageuza mayai yangu."

Nilianza kujitetea. Nikamwambia sikuandika hivyo, wamebadilisha, kopi yangu ninayo.

Akaniangalia.

"Sheikh ataniambia sina dhambi, kwa kuwa sikujua. Hilo nalijua. Wewe je? Kitabu kina jina lako. Kilikaa kwako siku ngapi kabla hakijanifikia mimi?"

Kilikaa siku nane, wakuu. Siku nane.

Mjukuu wake alikuwa anaangalia chini, nafikiri kwa sababu yeye ndiye alimsomea. Hicho kitu kiliniuma kuliko mimi kuambiwa. Kijana wa watu anamaliza chuo, na furaha yake imeingia doa kwa sababu yangu.

Niliwapeleka mwenyewe kwa Mama Zaituni. Bi Rukia alikunywa chai ya rangi tu, akasema tumbo limekataa. Mama Zaituni naye aliniuliza, "Si ulisema utaniandika, Idi?" Nikamfungulia ile picha ya hoteli.

Nikarudi ofisini nikiwaka. Nikaingia kwa Mkubwa bila kubisha.

"Nani alitoa hii neno?"

Hata hakustuka. "Ah, hiyo. Tulifanya editing kidogo. Hoteli imetusaidia sana na hii graduation, haiwezi kuandikwa vibaya kwa kitabu yetu."

Nilijua tayari hoteli ni ya shemeji yake. Kitale nzima ilijua.

"Mkubwa, watu wanakula huko wakidhani ni halali."

"Idi, kuku ni kuku bana. Kwani kuna mtu ameumwa na tumbo? Yuko?"

Nikamwambia tutoe karatasi ya kurekebisha, tuipeane getini. Akakataa. Nikamwambia basi nibandike tangazo kwa notice board. Akasema nikibandika chochote nitafute kazi nyingine. Halafu akachukua gazeti akaanza kusoma. Gazeti! Mbele yangu!

Mtu akikutukana, kuna kitu unaweza kujibu. Huyu aliniona kama nzi dirishani.

Nekesa alisikia kila kitu. Akanifuata kwa corridor.

"Andika barua kwa wakubwa wa juu, Idi. Nitakuchapia. Lakini jina langu usiliweke, mimi niko na watoto."

Sikumkasirikia Nekesa, na simkasirikii leo. Lakini barua ingefika lini? Graduation ilikuwa Jumamosi na watu walikuwa wanakula saa hiyo.

Ijumaa baada ya sala nilienda kwa hiyo hoteli.

Ilikuwa lunch, imejaa. Nikahesabu meza kama tano za watu nilioona wametoka msikitini na mimi, kofia bado kichwani, familia za wageni, watoto. Kijitabu changu kiko mezani karibu na chumvi.

Wakuu, mimi si mtu wa kuongea mbele ya watu. Hata harusini huwa najificha nyuma. Lakini nilisimama katikati ya hiyo dining, nikasema kwa sauti:

"Mimi ndiye Idi Wafula niko kwa hiyo cover. Niliandika hapa si halali. Hiyo 'si' imetolewa. Tafadhali, Waislamu, msile kwa sababu ya jina langu."

Watu wakaanza kufungua vile vijitabu.

Manager akatoka mbio. "Huyu ni mlevi! Ofisi yao imemfukuza, ana chuki!" Watchman akanishika mkono. Mgeni mmoja akasema sasa tuamini nani, yeye ama kitabu? Na alikuwa na haki kuuliza. Nikatoa kopi yangu ya kwanza mfukoni, lakini watchman alikuwa ananivuta tayari, ikaanguka chini.

Hapo ndipo Barasa, yule mpishi, akatoka jikoni. Apron imelowa mafuta, mikono anapangusa.

"Mwachirie," akamwambia watchman. Sisi watu wa Bungoma r na l huwa zinabadilishana viti. "Mimi ndiye napika. Kuku nachinja mimi, na mimi ni Mukristo. Nguruwe iko. Hakuna mtu ameniuliza kitu ya harari. Hiyo kitabu mimi sijawahi ona."

Akaokota karatasi yangu, akanirudishia. Halafu akageukia manager.

"Mumeandika maneno kwa mikono yangu na hamukuniambia. Hawa watu watasema ni Barasa amewalisha."

Meza zile tano ziliinuka. Hakuna aliyevunja sahani, hakuna aliyetukana. Mama mmoja alimfungua mtoto wake mdomo akatoa kile alikuwa anatafuna, akakiweka kwa tissue. Nikiikumbuka hiyo hadi leo nasikia kutaka kumtafuta Mkubwa.

Jumatatu nilipewa barua. Contract imeisha, asante kwa huduma yako. Barasa pia alitolewa siku hiyo hiyo. Baadaye nilisikia amepata kazi ya kupika upande wa Lugulu. Nilienda kumtafuta mara moja nikamkosa, kwa hivyo hilo siwezi kuapa.

Baba yangu hakuniuliza mengi. Alizunguka mwenyewe kwa wenzake akikusanya vile vijitabu, nyumba kwa nyumba, na mguu wake mbaya. Ningependa angenigombeza tu.

Na kijitabu? Mwaka uliofuata Nekesa alinitumia kopi mpya. Neno "si" limerudi. Mama Zaituni amerudi. Mawe ya Nabuyole, masikio ya Saiwa, kila sentensi yangu iko pale pale.

Kwa cover wameandika jina la Mkubwa.

Nilikisoma chote, kutoka kwanza mpaka mwisho, nimesimama barabarani.

Nilichojifunza ni hiki. Kitu kikibeba jina lako, kisome mpaka nukta ya mwisho kabla kitoke mlangoni. Usiamini kwa sababu wewe ndiye uliandika. Na wewe msafiri, ukiona karatasi imekuambia hapa ni halali, ama hapa ni salama kwa watoto, inuka uende ukaulize mpishi. Mpishi mkweli hatakasirika.

Jirani nilimjibu jana. Nilimwambia aende kwa Mama Zaituni, lakini kwanza nilipiga simu kuhakikisha bado yuko. Yuko. Ameongeza mabenchi.

Wale mtasema ningeandika barua badala ya kuaibisha watu wakila, semeni, niko tayari kusikia. Na kama kuna mtu humu alikuwa kwa hiyo dining Ijumaa ile, akiwa mkubwa au mtoto, naomba ajitokeze. Nataka kumwomba msamaha.